Sugu Zote Niondoe

1

Maalim Sabiti alirudi siku ya tatu baada ya kutibiwa, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Ilikuwa asubuhi, Bi. Sikudhani hajamaliza hata kupiga deki. Mzee akasimama mlangoni mwa zahanati yetu ya ngozi, pale Tabora, kama mtu aliyekuja kuchukua maiti.

"Shikamoo, Maalim," nikasema.

"Marahaba. Nani aliniuliza?"

"Kukuuliza nini, Maalim?"

Akavua kofia.

Mtaa mzima wa Kanyenye ulilijua lile paji la uso. Katikati yake palikuwa na sugu ya sijida, nyeusi, pana kama kifungo cha koti, iliyotokana na karibu miaka sitini ya kusujudu juu ya mkeka. Sisi tuliosoma chuoni kwake tulikuwa tukiikodolea macho tunaposahau aya, kana kwamba aya imeandikwa pale. Sasa hapakuwa na kitu. Palikuwa na ngozi laini, nyepesi, inayong'aa kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Fagio la deki lilimponyoka Bi. Sikudhani. "Yaa Rabi! Maalim, nani kakufanya hivi?"

"Ndilo nililokuja kuuliza. Mimi nilileta shingo. Chunjua saba za shingoni. Mjukuu wangu anaolewa, akaniambia, 'Babu, ukikaa mbele na shingo hiyo kuku watakudonoa, watadhani mtama.' Nikaona haya, nikaja. Nikalala pale, nikafunikwa macho, nikaondoka. Adhuhuri natawadha, napitisha mkono usoni." Alipitisha mkono tena, polepole, kama anayepapasa ukuta gizani. "Nikadhani nimeshika uso wa mtu mwingine."

Dokta Namsifu, mkuu wa zahanati, alitoka chumbani kwake. Hakubishana. Alimkalisha mzee kitini, akamwamkia, kisha akafungua kumbukumbu ya sauti ya siku ile, kama sheria inavyotaka. Sote tukasikia sauti ya mashine, tulivu, ya kike, ikisema:

*Sugu zote niondoe, ngozi yako niing'aze?*

Na baada yake sauti ya Maalim mwenyewe, yenye kicheko ndani yake: "Naam, zote! Lo, umesema vizuri."

Dokta akafunga. "Umesikia, Maalim. Uliulizwa, ukajibu."

Mzee aliinamisha kichwa. "Nimesikia," alisema. "Ni sauti yangu. Basi nimejifanyia mwenyewe." Akavaa kofia, akaivuta hadi kwenye nyusi, akatoka bila kuaga.

Bi. Sikudhani hakumtazama Dokta. Alinitazama mimi, Hamduni, mwandishi wa kauli wa zahanati. Nami nikaokota fagio lake la deki, nikaanza kupiga deki mahali palipokuwa pameshakauka.

2

Kwa wasiojua, kazi ya kuondoa chunjua siku hizi hufanywa na sisimizi. Ndivyo tunavyowaita. Ni mashine ndogo kuliko vumbi, elfu nyingi katika kijiko kimoja, hukaa ndani ya ute wa rangi ya maziwa. Ute ukimwagwa juu ya ngozi, sisimizi huenda kwenye kitu walichotumwa, huingia chini hadi kwenye mzizi wake, huziba kila mshipa wa damu, hukata, kisha hufuma ngozi mpya juu ya jeraha. Mtu huvuta pumzi arobaini, kazi imekwisha. Hakuna maumivu wala kovu. Lakini sisimizi hawana akili ya kujua kipi ni kibaya na kipi ni kizuri. Wana neno tu. Ukiwapa neno, hulichukua pamoja na maana zake zote wanazozitumia watu wa mji ule.

Ndiyo maana kukawekwa Sheria ya Kinywa. Mashine haigusi mwili wa mtu mpaka iulize kwa sauti, na mtu ajibu kwa kinywa chake. Akishajibu, hakuna mahakama inayoweza kulirudisha jibu. Kwa hiyo swali ndilo kila kitu, na kila swali hupitishwa kwanza na Baraza la Kauli. Swali letu lililopitishwa lilikuwa hili: "Unataka chunjua zako zote ziondolewe?"

Niliajiriwa nilisimamie swali hilo, nisilibadilishe. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimejifunza ushairi mwenyewe, bila mwalimu, kwa kuhesabu mizani kwenye vidole, na niliamini hakuna kijana mwingine mjini anayeweza kulipima neno kama mimi. Swali lile lilinikera kila nilipolisikia. Lilikuwa kavu kama tangazo la kituo cha basi. Nikataka mashine izungumze kwa mizani kumi na sita, nane kwa nane, kama ubeti. *Ngozi yako niing'aze* ilikuja yenyewe, nane kamili. Upande wa kwanza ulinitesa. "Chunjua zote niondoe" ilinipa tisa. Nikahesabu tena, tisa. Basi nikatafuta neno fupi, ambalo kwetu hutumika hata kwa chunjua. Sugu. Su-gu-zo-te-ni-o-ndo-e. Nane! Nilipiga meza kwa furaha.

Bi. Sikudhani alikuwapo. Kwa miaka thelathini, kabla ya sisimizi, yeye ndiye aliyekuwa akiwatoa watu chunjua kwa baridi, kwa mkono, akigusa moja moja kwa ncha ya kidole na kuuliza, "Hii?" Mgonjwa akisema ndiyo, anaichoma kwa baridi. Anahamia nyingine. "Na hii?" Alilisikia shairi langu akatikisa kichwa.

"Mwanangu, chunjua ni chunjua tu. Sugu ni neno lenye watoto wengi. Mkulima ana sugu. Mgonjwa asiyepona ana ugonjwa sugu. Na wewe una sugu ya kichwa."

Nikacheka. "Bibi, wewe kazi yako baridi. Niachie maneno."

Nikalibadilisha swali bila kuliarifu Baraza, na Dokta akadhani limepitishwa. Watu wakalipenda. Wengine walikuwa wakiomba liulizwe mara mbili. Mwezi wa pili akaja seremala mmoja, akatolewa kinyama cha kwapani, na juma lililofuata akarudi viganja vimejaa malengelenge, kwa sababu sisimizi walikuwa wamemtoa na sugu zote za mikono na randa ilikuwa ikimchubua kama karani. Alikuwa akicheka, nami nikacheka naye. Bi. Sikudhani aliniambia, "Hilo ni onyo." Nikamwambia ni bahati, mtu amepata mikono ya bwana.

Na siku ya Maalim Sabiti nilikuwa nimekaa mbele ya kioo cha mashine. Hili ndilo linalonichoma kuliko yote. Nililiona paji lile lililonifundisha alifu na be. Niliona ute ukipanda kutoka shingoni kwenda usoni. Ningeweza kusimamisha kila kitu kwa kidole kimoja. Lakini mzee alikuwa ametoka kusema "umesema vizuri", nami nilikuwa nimefumba macho, nikiyasikiliza maneno hayo tena kichwani mwangu.

3

"Tutairudisha," alisema Dokta Namsifu jioni ile, alipokwisha kulilinganisha swali langu na lile la Baraza. "Sisimizi huhifadhi ramani ya kila walichokitoa kwa siku arobaini. Chembe kwa chembe. Nenda kwake, mwambie aje, tutamwekea sugu yake kama ilivyokuwa. Hakuna atakayejua."

"Na swali, Dokta?"

Alikuwa mwanamke mwenye haki, wala simlaumu. "Lirudishe kama lilivyopitishwa. Leo hii. Kimya kimya. Baraza likijua kwamba tuliuliza kauli isiyopitishwa, watawalaza sisimizi wetu mwaka mzima. Jumatatu nina Tausi, yule msusi. Mikono yote imejaa chunjua, wateja wanamkimbia, ana watoto wanne. Utamwambia nini?"

Nikaenda kwa Maalim. Nilimkuta uani, amekaa peke yake juu ya mkeka wa chuo. Saa zile palipaswa kuwa na watoto thelathini wakipiga kelele. Walikuwa watano.

"Wazazi wamewazuia," alisema, kabla sijauliza. "Wanasema, aliyeifuta sijida yake atamfundisha nani kusujudu? Na Mfaume, rafiki yangu wa tangu jando, unajua ananiitaje msikitini? Bwana harusi. 'Karibu bwana harusi, umejipodoa, mke wa pili anatoka wapi?' Watu wanacheka. Na mimi nacheka, nifanyeje?"

Nikamweleza habari ya ramani na siku arobaini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiniuliza zamani ninapokosea irabu:

"Hamduni, ile niliipataje?"

"Kwa kuswali, Maalim."

"Sikuiomba. Sikuijua hata siku ilipoanza. Sasa nije nilale kitandani, niagize niwekewe? Hiyo itakuwa sijida ya nani? Nitakuwa nimejichora ili watu wanione. Hapana. Hii ngozi mpya inaniuma, unajua? Mkeka unanichoma nikisujudu. Inaniuma kama nilivyokuwa na miaka saba. Acha iniume."

Watoto watano walikuwa wakisoma kwa sauti ndogo. Nilitaka kuinuka niende zangu, nimetimiza nilichotumwa. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Maalim, si wewe uliyejifanyia. Ni mimi."

Nikamweleza yote. Swali lililopitishwa, swali nililolitunga, Bi. Sikudhani, seremala. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa nikiongea nikiutazama mkeka.

"Kwa nini sugu?" aliuliza. "Chunjua ina kosa gani?"

"Mizani, Maalim. Ilizidi moja."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alifunika uso kwa viganja, na alipoufunua niliona kwamba na yeye ameaibika.

"Nami nikuambie langu. Neno 'sugu' nililisikia. Nililisikia vizuri, na moyo ukanigutuka kidogo, nikasema, mbona sugu? Lakini shairi lilikuwa tamu. Nikaona nikiuliza nitaliharibu. Nikaitika." Akatikisa kichwa. "Tulikuwa wawili, kila mmoja amelewa maneno, na katikati yetu hakuna aliyeangalia uso."

Nikadhani amenisamehe, nikashusha pumzi. Akaona.

"Usishushe pumzi. Kuniambia mimi ni rahisi, mimi ni mwalimu wako. Walioambiwa kwamba Sabiti ameifuta sijida yake ni mji mzima."

4

Siku mbili nilikuwa nikibishana na nafsi yangu, na nafsi yangu ilikuwa na hoja nzuri. Nikisema, Tausi atabaki na mikono yake. Na si Tausi tu. Siku ile pale mapokezi palikuwa na kijana mwenye vinyama vya kope vinavyomzuia kuona, na mama mmoja aliyekuwa akificha kidevu kwa ushungi. Je, aibu ya mzee mmoja izidi haja ya wote hawa? Niliipima hoja ile kama ninavyopima ubeti, ikatimia kila upande. Ndipo nikaiogopa. Nilishajua sasa kinachoweza kutimia mizani na bado kikamchuna mtu uso.

Nikamwendea Bi. Sikudhani stoo. Nikamuuliza, "Chupa yako ya baridi ungali nayo?"

"Ninayo. Kwa nini?"

"Msusi. Unaweza kumtoa kwa mkono?"

"Itachukua miezi minne. Itamuuma. Nyingine zitarudi, nitazirudia." Kisha akaongeza, sauti imeshuka, "Nenda kaseme, mwanangu. Mimi nitakuwapo."

Ijumaa nilikwenda msikitini nikiwa na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimetunga. Nilijiambia aibu kama ile haiwezi kusemwa kwa maneno ya kawaida. Mlangoni, tukivua viatu, Maalim Sabiti aliiona karatasi.

"Umeandika nini?"

"Beti sita za kuomba radhi, Maalim."

"Ziache kwenye viatu."

Nikaziacha, zikiwa zimekunjwa ndani ya kiatu cha kushoto. Baada ya swala imamu alinipa ruhusa, nikasimama mbele ya watu wapatao mia mbili, bila vina, bila kituo, miguu mitupu.

Nilisema: "Naitwa Hamduni. Nafanya kazi zahanati ya ngozi. Maalim Sabiti hakuja kufuta sijida. Alikuja kutoa chunjua za shingoni. Mashine ilimuuliza kwa neno jingine, na neno hilo nililiweka mimi bila idhini, kwa sababu lilitimiza shairi langu. Nilionywa. Siku ya tukio nilikuwapo, na sikuangalia. Zahanati haikujua. Maalim hana kosa."

Hayo tu. Yalichukua muda mfupi kuliko ubeti mmoja. Mzee Mfaume, aliyekuwa safu ya kwanza, aliuliza kwa sauti, "Kwa hiyo shairi ndilo lililomnyoa?" Wachache wakacheka. Kisha Mfaume mwenyewe akamgeukia rafiki yake, akaliona lile paji laini, jekundu kidogo pale katikati lilipochubuliwa na mkeka, na kicheko kikamkatikia kooni. Alishika mkono wa Maalim akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, kama mtoto anayeombewa. Hakusema "bwana harusi" tena.

Mimi hakuna aliyenishika mkono. Nilipotoka, viatu nilivikuta. Karatasi ilikuwa imekanyagwa na watu.

5

Jumatatu mtu wa Baraza la Kauli alikuja na sanduku jeusi, akawalaza sisimizi wote. Aliniomba kibali changu cha kuandika kauli, nikampa. Dokta Namsifu hakunifukuza. Alisema tu, "Umeniharibia, lakini umesema zahanati haikujua, na tangu jioni ile ilikuwa ikijua. Huo uongo wako wa mwisho sijui niuweke wapi." Alhamisi yake aliliandikia Baraza mwenyewe, akalieleza.

Kazi yangu sasa ni kumshikia Bi. Sikudhani taa. Tausi hunyoosha mikono juu ya meza, na chupa ya baridi hutoa mvuke. Bi. Sikudhani amenifundisha kugusa. Ncha ya kidole, juu ya chunjua moja, bila kuibonyeza, na macho yako kwenye macho ya mtu.

"Hii?" nauliza.

"Hiyo," anasema Tausi. "Aaah! Mshairi wewe, taratibu!"

"Na hii?"

"Hiyo iache, ni alama ya sindano nilipokuwa mdogo. Nikifa mama atanijulia hiyo."

Maalim Sabiti alipita siku moja tukiwa katikati ya kazi. Watoto wa chuo walikuwa wamerudi, si wote. Kofia ilikuwa imekaa mahali pake, juu, na paji la uso lilikuwa wazi, na ganda dogo la jeraha katikati. Alikuwa amekuja kuwasalimu tu, akasema. Alikaa benchini akatutazama kwa muda, akisikiliza *hii* na *na hii*. Kisha akaniita kwa kidole.

"Hamduni. Nimekaa na lile shairi lako, haliniachi. Ulisema chunjua ilizidi moja?"

"Ndiyo, Maalim. Chunjua zote niondoe. Tisa."

"Ulijaribu 'nitoe'?"

Sikuelewa. Akauinua mkono wake wa kulia, ule aliotufundishia kuhesabu, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, bila haraka, macho yake yakiwa juu yangu.

"Chu. Nju. A. Zo. Te." Akahamia mkono wa kushoto. "Ni. To. E."

Vidole viwili vilibaki vimesimama.

Alinigusa bega, akamuaga Bi. Sikudhani, akaenda zake kuwahi alasiri.

Nimeihesabu tena mara nyingi tangu siku ile, njiani, kitandani, nikishika taa, nikiomba mara moja tu zitoke tisa. Hutoka nane.